Povu Si Nguvu: Tuoshe Magari Bila Kuunguza Mikono Wala Kuharibu Maji

(Mazungumzo haya yalitolewa mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia katika semina ya siku moja. Tumeyachapa kwa sababu vikundi kadhaa viliomba kuyasoma tena pamoja na wanachama ambao hawakufika.)



Leo hatutazungumza juu ya mbuzi wa maziwa wala mchango wa mzunguko. Tutazungumza juu ya sabuni. Najua, tayari wengine wanacheka, ati sabuni nayo ni jambo la semina? Subirini kidogo. Sabuni hiyo karibu igombanishe vikundi viwili vya parokia moja, na karibu imnyang'anye kijana wetu vidole.

TUONE: Mambo yalivyokuwa

Mnavijua vikundi vyenyewe. Kile cha vijana huosha matatu, malori na magari madogo pale karibu na daraja. Kile cha kina mama hulima sukuma wiki na vitunguu kwa maji ya kijito hicho hicho, mwendo wa dakika kumi chini ya daraja. Vyote viwili tulivisaidia kuanza. Vijana walipata mkopo wa pampu, kina mama wakapata mafunzo ya bustani. Kwa hiyo lawama tunayoisema leo ni yetu pia. Tulikaa na vijana tukahesabu faida ya kila gari, lakini hatukuuliza hata siku moja: maji machafu yataenda wapi?

Walioanza kulalamika ni kina mama. Jumamosi, siku ya magari mengi, maji yalifika kwao na povu na mafuta yanayong'aa rangi rangi juu. Ng'ombe waliyanusa wakageuka. Mama mmoja alituambia hivi: "Hawa ni watoto wetu, hatutaki kuwafukuza. Lakini tukinyunyizia mboga maji haya, nani atanunua?" Wengine walikuwa tayari kwenda kwa chifu ili kazi ya darajani ifungwe. Vijana nao wakauliza, "Tukifunga, mkopo utalipwa na nani?" Pande zote mbili zilikuwa na haki, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa.

Tukiwa bado tunapanga mkutano, likatokea la kutisha. Kijana mmoja alisugua rimu za lori kwa dawa iliyonunuliwa kwa kupimiwa katika chupa ya soda. Chupa haikuwa na jina la dawa. Hakuvaa glavu. Mchana hakusikia kitu, akala, akacheza hata mpira. Usiku vidole vikaanza kumwuma mpaka akalia. Kulipokucha wenzake walimpeleka hospitali. Daktari akauliza, "Alishika dawa gani?" Hakuna aliyeweza kujibu. Hata aliyeinunua hakujua. Kijana alipona, lakini alikaa wiki sita bila kazi.

Swali lile la daktari lilitushtua sana. Tulikuwa tunatumia kitu kila siku bila kujua jina lake.

TUPIME: Ndani ya dawa mna nini?

Tulikaa chini na vijana, tukatoa mitungi yote na kuipanga mstari mmoja. Tulikuta aina nne za vitu.

Cha kwanza ni kostiki soda. Wengi huiongeza katika sabuni ili ikate mafuta. Ni kweli inakata mafuta, lakini haichagui. Ukiishika na ikateleza kama sabuni, jua ni mafuta ya ngozi yako mwenyewe yanayogeuzwa sabuni. Tena inakula alumini. Rimu nzuri ya mteja inapoteza mng'ao, naye haambii mtu. Anahamia kwa jirani.

Cha pili ni asidi ya rimu. Zipo asidi za aina nyingi, lakini iliyo mbaya kuliko zote ni ile iitwayo asidi ya haidrofloriki. Baadhi ya dawa za kung'arisha rimu na bodi za malori huwa nayo. Ikiwa nyepesi haiumi mara moja. Inapenya ngozi kimya kimya, inaingia ndani na kushika kalsiamu ya mwili, hata mfupa ukadhurika. Maumivu huja saa nyingi baadaye. Ikiwa nyingi huweza kuvuruga moyo na kuua. Msidhani ni shida ya watu wasiosoma. Huko Marekani, katika jimbo la Washington, wachunguzi wa afya kazini walihesabu watu 48 walioungua kwa asidi hiyo katika kazi ya kuosha magari na malori, kati ya mwaka 2001 na 2013. Hao walikuwa na lebo na sheria. Sisi tulikuwa na chupa ya soda.

Cha tatu ni mafuta ya taa, dizeli, na wakati mwingine petroli, ya kuoshea injini. Petroli hatuna haja ya kuieleza: cheche moja tu na kazi imekwisha. Mafuta ya taa na dizeli hukausha ngozi na kuipasua, na yakiingia mtoni hutanda juu ya maji.

Cha nne ni sabuni yenyewe. Hapa tulikuwa na imani moja ya uongo, kwamba povu jingi ndiyo nguvu. Sivyo. Povu ni hewa. Katika miaka ya 1950 nchi za Ulaya na Marekani zilitumia sabuni za aina ambayo vijidudu vya majini havikuweza kuila, mito yao ikajaa povu kama theluji. Miaka ya 1960 zikabadilisha, zikatumia aina inayooza. Kwa hiyo tunaponunua tuulize: sabuni hii inaoza? Tena tuulize kama ina fosfeti, maana fosfeti ni mbolea ya magugu ya maji. Walio kando ya Ziwa Victoria wanayajua magugu yale tangu miaka ya 1990. Chakula cha magugu hutoka zaidi mashambani na katika maji ya choo ya miji, hiyo ni kweli, lakini nasi tusiongeze.

Tukizungumzia Ziwa Victoria, kuna somo lingine. Huko Kisumu waosha magari walizoea kusimama ndani ya ziwa wakiosha. Watafiti waliwapima tangu miaka ya 1990, wakakuta wengi wana kichocho, na wengi wakitibiwa waliambukizwa tena kwa sababu walirudi majini. Kwa hiyo hata ukiwa na sabuni safi kuliko zote, kuosha gari ndani ya maji ni hatari kwako na kwa maji yenyewe. Sabuni inayooza hudhuru samaki kabla haijaoza.

Tukumbuke pia sheria. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Haki hiyo ni ya mama wa bustani, na ni ya kijana wa darajani pia.

TUTENDE: Tuliyobadilisha

Vikundi vyote viwili vilikutana chini ya mti. Mkutano ulichukua mchana mzima na kulikuwa na maneno makali. Mwishowe walikubaliana haya:

1. Hakuna dawa bila jina. Kitu kisicho na lebo hakinunuliwi, hata kikiwa cha bei nusu. Kwenye lebo tunaangalia neno la asidi ya haidrofloriki au floraidi. Tukiliona, tunarudisha dukani.

2. Chupa za soda ni za soda. Mtoto akiona chupa ya soda haulizi, anakunywa. Kostiki ikimezwa inaunguza koo na umio. Ikitokea hivyo, usimlazimishe mtoto kutapika, maana itamwunguza mara ya pili. Mkimbize hospitali pamoja na chupa yenyewe.

3. Sabuni tunatengeneza wenyewe. Kina mama walikuwa wamefundishwa zamani. Wanatumia vile viungo ambavyo maduka huviita Ungerol na Ufacid, pamoja na magadi, chumvi na maji. Tahadhari: Ufacid yenyewe ni asidi. Vaa glavu na miwani, itie polepole katika maji, kisha magadi huiondolea ukali. Sabuni ikiwa tayari tunaichovya karatasi ya kupimia pH, inayopatikana katika maduka ya vifaa vya maabara. Saba ni katikati, si asidi wala si kostiki. Tunataka iwe karibu na hapo. Isipofika hapo, haitoki.

4. Kupima kwa kifuniko. Zamani walimimina kwa macho. Sasa kila ndoo ina kipimo chake, kimeandikwa ukutani. Hapa ndipo pesa zilipokuwa zikipotelea, na hapa ndipo hofu ya gharama ilipokwisha.

5. Injini kwanza hukwanguliwa. Grisi nzito hutolewa kwa kijiti na matambara makavu, huku karai likiwa chini. Kisha hupakwa sabuni, huachwa dakika chache ilainike, halafu husuguliwa kwa brashi. Ni kazi zaidi, hatufichi. Lakini hakuna mafuta ya taa.

6. Rimu kwa sabuni, brashi na subira. Rimu ikiwa imetoboka kwa kutu, mteja aambiwe ukweli: hii haitang'aa.

7. Kazi ilihamishwa kutoka ukingoni. Walichimba mashimo matatu yanayofuatana, yakajengewa kwa mawe na saruji. La kwanza hushika mchanga na matope. La pili hushika mafuta, kwa sababu mafuta huelea, na bomba la kutolea maji limeinamishwa chini ya mafuta. La tatu hupokea maji yaliyotulia, ambayo huenda kwenye nyasi ambazo hatulishi mifugo. Hayaendi bustanini, wala karibu na kisima. Tena mtego huu haumezi kila kitu. Sabuni huyachanganya mafuta na maji, ndiyo sababu tunafuta grisi kwanza.

8. Glavu, gumbuti na ndoo ya maji safi ziko tayari kila siku. Dawa ikimwagika mwilini au machoni, osha kwa maji mengi, si chini ya dakika 15. Ukidhani ni ile asidi ya rimu, osha mara moja na uende hospitali hata kama hakuna maumivu. Mwambie daktari jina lake, kwa maana iko jeli ya kalsiamu ya kuitibu. Na kamwe usichanganye asidi na dawa ya klorini ya kufulia. Hutoa hewa yenye sumu.

Mteja alisemaje?

Wiki za kwanza zilikuwa ngumu. Dereva mmoja alisema, "Mbona povu ni kidogo? Mnaniibia." Wengine walienda kwa jirani kule ng'ambo. Mapato yalipungua na mweka hazina alikuja ofisini akiwa na uso mzito. Tulimwambia asubiri mwezi mmoja na aandike kila kitu. Aliandika. Alikuta sabuni ya kutengeneza na kupima inagharimu kidogo kuliko ile ya zamani, na pengo la wateja likazibika polepole. Kilichowarudisha wateja hakikuwa hotuba ya mazingira. Ni rimu. Wenye magari waliona kwamba kwetu rimu hazififii.

Na kina mama? Sasa wao ndio wanaowauzia vijana sabuni. Aliyekuwa mshtaki amekuwa mshirika. Jumamosi bado wanatuma mtoto kuangalia maji. Nasi tunasema ni vizuri. Kuaminiana hakuzuii kuangalia.

Yaliyobaki

Hatutaki mrudi nyumbani mkidhani yote yamekwisha. Ule mtungi wa dawa ya zamani, mwenye duka alikataa kuurudisha. Kuumwaga chooni ni kuupeleka kisimani. Umefungwa vizuri, umeandikwa HATARI, umewekwa chini ya kufuli, na tumepeleka barua kwa NEMA tukiomba ushauri. Matope ya shimo la kwanza nayo yana mafuta, hayafai kuwa mbolea. Tunayaweka kando kwenye pipa mpaka tupate mchukuzi mwenye leseni. Yule kijana amerudi kazini, ila wakati wa baridi kidole kimoja bado kinakufa ganzi. Yeye ndiye anayetunza glavu, na hakuna anayeshika brashi kabla hajamwonyesha mikono yake.

Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Tuliogopa kuwaudhi vijana kwa kuuliza maswali mwanzoni, tukalia wote baadaye. Ninyi mnaoanza leo, iwe ni kuosha magari, kutengeneza ngozi au kupaka rangi nguo, ulizeni mapema.



MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Katika kazi yetu tunatumia dawa gani? Je, kila mwanachama anaijua kwa jina?
2. Maji machafu yetu yanaenda wapi? Nani anaishi chini yetu, na tumewahi kwenda kumsalimu?
3. Mwenzetu akiumia leo, ni nani atampeleka hospitali, na tutamwambia nini daktari?
4. Ni jambo gani moja tunaloweza kubadilisha kabla ya mkutano ujao bila kungoja msaada?