Taka Ni Jukumu la Kaunti, Hata Kazi Ikiwa ya Mkandarasi
Maneno ya afisa wa Idara ya Mazingira kwa wakazi na wafanyabiashara, barazani sokoni



Sitazunguka. Taka zimerundikana nyuma ya vibanda vya mboga, na harufu mnaisikia nami naisikia. Wafagiaji na wapakiaji wa malori wamegoma. Hawa hawakuandikwa na kaunti, waliandikwa na mkandarasi aliyepata zabuni. Wanasema hawajaona mshahara kwa miezi miwili. Basi wengine wenu mmeniuliza, kaunti inaingiaje hapo?

Inaingia. Jedwali la Nne la Katiba limeiachia kaunti uzoaji wa taka na majaa. Tunapompa mtu kandarasi tunampa kazi, lakini jukumu linabaki kwetu. Kwa hivyo sitawaambia mwende mkamuulize mwenye lori.

Pia, waliogoma si wahalifu. Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki, na haki ya kugoma. Ni kweli sheria inataka notisi ya maandishi ya siku 7. Kama ilitolewa sawasawa au la, hilo ni la afisa wa leba na mahakama. Mimi siwezi kubishana juu ya barua na mtu ambaye mwenye nyumba amemfungia mlango.

Mkandarasi naye anasema anatudai. Ndiyo, ana ankara ambazo hazijalipwa. Pesa za kaunti hazitumwi kwa simu jioni zikafika usiku. Mgao utoke Hazina ya Kitaifa, halafu Msimamizi wa Bajeti aidhinishe zitolewe. Mgao ukichelewa, nasi tunachelewa. Lakini Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mshahara wa mwezi ulipwe mwezi unapokwisha. Haikusema mfanyakazi angoje mpaka bosi wake alipwe.

Kuna mfagiaji aliyeniambia alikuwa anakatwa pesa za SHA kila mwezi, ile asilimia 2.75. Akampeleka mtoto hospitalini, akaambiwa hakuna kilichowasilishwa. Jambo hilo linaniudhi kuliko huu mgomo wenyewe.

Tumekaa na pande zote mbili mbele ya afisa wa leba. Tumekubaliana hivi: ankara ya mkandarasi ikiletwa, iambatane na orodha ya wafanyakazi, karatasi zao za mshahara, na stakabadhi za NSSF na SHA. Bila hizo, ankara inarudi ilikotoka. Glavu na buti zitakaguliwa kabla lori halijaondoka, kwa sababu kuzitoa ni wajibu wa mwajiri, na mtu asikatwe pesa kwa ajili yake.

Hatutaleta vibarua wa kuchukua nafasi za waliogoma. Ila taka za hospitali, sindano na bandeji, haziwezi kungoja. Hizo zinabebwa na wafanyakazi wa kaunti wenyewe.

Nimesikia mtu akisema, "Waajirini wote!" Si wazo baya. Lakini kuajiri kunapitia Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, na mishahara lazima iwe kwenye bajeti iliyopitishwa na Bunge la Kaunti. Kabla kandarasi hii haijakwisha, tutaleta swali hilo kwenye vikao vya maoni ya umma. Njooni, msituachie maafisa peke yetu.

Kwa sasa, tengeni maganda na mabaki ya chakula mbali na plastiki na chupa. Sheria ya taka ya 2022 inataka hivyo hata siku zisizo na mgomo. Msichome plastiki, na tafadhali msisukume taka mtaroni. Mvua ikinyesha, maji hayo yataingia kwa jirani yako.

Msimamizi wa wadi yuko pale na daftari. Mwandikisheni mahali palipojaa zaidi, na mkandarasi akiwalipa watu wake, hapo ndipo malori yataanzia. Sasa naomba maswali, tuanze na mama pale nyuma.