Bwawa Likijaa, Mto Hausubiri

Ndugu wananchi mnaoishi kando ya Mto Tana,

Bwawa la Masinga lilikamilika mwaka 1981 kuhifadhi maji ya kuzalisha umeme. Mvua za 2024 zililijaza hadi likafurika, na mafuriko yakafika Garissa na Tana River.

Bwawa likishajaa, maji yanayoingia lazima yatoke. Tope nalo hupunguza nafasi. Ndiyo maana wahandisi hukagua ukuta na njia ya maji ya ziada, na wakulima wa nyanda za juu huhimizwa kupanda miti na kuchimba matuta.

Lakini ukuta imara hulinda bwawa; anayelala ukingoni huokolewa na kuhama mapema. Mkisikia tangazo, hamisheni watoto, wazee na mifugo siku hiyo hiyo.