Leseni ya Udereva na Haki ya Maskini



Dola inapomnyang'anya mlevi leseni yake ya udereva, haimwonei. Tuchukue mfano wa Marekani. Huko karibu kila jimbo limeweka kikomo cha kileo katika damu ya dereva kuwa asilimia 0.08 (Utah ni 0.05), na katika majimbo mengi anayekizidi husimamishiwa leseni hata kabla ya kuhukumiwa. Sababu hiyo yalinda uhai, nasi hatuna neno juu yake.

Lakini ipo sababu nyingine isiyohusu usukani wala breki, nayo ni deni. Sheria ya mwaka 1996 iliyataka majimbo yote yawe na uwezo wa kusimamisha leseni ya mzazi asiyelipa matunzo ya mtoto. Majimbo mengi yaliongeza na faini zisizolipwa. Tajiri aliyevunja sheria hulipa siku hiyohiyo, akaendelea na safari zake. Maskini mwenye kosa lilelile hubaki bila leseni, na mahali pasipo na basi huipoteza hata kazi. Atalipaje basi? Na akiendesha kwa siri akakamatwa, lililokuwa deni hugeuka kuwa jinai.

Mwaka 2017 jimbo la California liliacha kusimamisha leseni kwa ajili ya faini za barabarani zisizolipwa. Faini zenyewe hazikufutwa. Kuhusu matunzo twasita zaidi, maana mtoto ana njaa leo, wala hawezi kungoja. Hata hivyo, hakimu na amwulize baba huyo kwanza: hutaki kulipa, au huna?