Kumtaka Msimamizi Akae Kando si Kumwita Mwizi

(Hutuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi, baada ya sala ya isha)



Twaanza kwa kuomba radhi. Kamati ilitutaka tuzungumze juu ya daftari la wapiga kura, nasi tumekuja na jambo jingine. Daftari lina usiku wake. Usiku huu tumeona bora tumzungumze mtu mwenyewe anayepokea fomu za wagombea, anayezikubali au kuzikataa, anayejumlisha kura, na anayesimama mwisho kututangazia nani kashinda. Suali letu ni hili: raia afanye nini anapoona kuwa mtu huyo ana maslahi yake katika jambo analolihukumu?

Na mfano wetu hatuutoi hapa Visiwani. Twautoa Shinyanga na Geita, nchi ya almasi na dhahabu. Mtasema Shinyanga ni Bara, yatuhusu nini? Wenyewe mnajua ni jamaa zetu wangapi wenye maduka Kahama na Geita, na hakuna mwezi usioleta khabari za huko. Tena Rais wa Muungano na Wabunge wa Muungano twachaguzwa na Tume ile ile inayowachaguza watu wa Shinyanga. Na mtu akitaka kuuona uso wake hutazama kioo, na kioo hakifai kigusane na pua.

Basi mwaka 2010 katika jimbo la Shinyanga Mjini watu kwa maelfu walipiga kura za ubunge, na zilipokwisha kujumlishwa, Bwana Stephen Masele wa CCM akatangazwa kumshinda mgombea wa CHADEMA kwa kura moja. Si mia, wala si kumi. Moja.

Hatusemi kuwa kura ile iliibiwa, na atakayetoka hapa akasema kuwa tumesema hivyo atakuwa ametuzulia. Kura moja ni ushindi kamili, kama senti moja ilivyo deni kamili. Lakini tujiulize: aliyeshindwa kwa kura moja hurudi nyumbani kwake na nini? Hana faraja ya kusema, ah, tumezidiwa mno. Kitu kimoja tu kinaweza kumtuliza yeye na watu wake, nacho ni yakini kuwa aliyehesabu hakuwa na lake jambo. Na yakini hiyo haiundwi usiku wa kuhesabu. Ama ilikuwako tangu mwanzo, ama haipatikani tena.

Sasa, nani alikuwa msimamizi? Sheria ya Uchaguzi ya wakati ule, katika kifungu cha 7, ilimfanya Mkurugenzi wa kila Jiji, Manispaa, Mji na Wilaya kuwa msimamizi wa uchaguzi kwa cheo chake tu. Na Mkurugenzi ni nani? Ni mtu aliyeteuliwa na Rais, na Rais ni mgombea au ni mwenyekiti wa chama chenye wagombea. Mkurugenzi ndiye katibu wa baraza la madiwani. Madiwani hao ndio wanaomkagua matumizi yake, wanaomwuliza juu ya zabuni, na wanaoweza kumfanya asilale. Kisha ukifika uchaguzi, yeye ndiye huwasimamia hao hao wanaoomba kuja kumkagua! Akija mtu mwenye kelele na maswali, fomu yake yapita mikononi mwa yule atakayeulizwa maswali. Na ngazi ya kata, wasaidizi wake wakawa ni watendaji wa kata, walio chini yake katika kazi zao za kila siku.

Katika nchi ya madini jambo hili huwa zito zaidi. Mgodi wa dhahabu wa Geita umo katika kazi tangu mwaka 2000. Bulyanhulu uko Msalala. Buzwagi ulikuwa Kahama hata ukafungwa. Na Mwadui kwenye almasi ni mkongwe kuliko wengi wetu tuliokaa hapa. Migodi hulipa halmashauri ushuru wa huduma, sehemu tatu katika kila elfu ya mauzo. Mwadhani ni kidogo? Tatu katika elfu ya dhahabu ya Geita si tatu katika elfu ya duka letu. Juu ya hayo, tangu sheria ya madini iliporekebishwa mwaka 2017, mwenye mgodi hupaswa kila mwaka kupatana na halmashauri juu ya fedha atakazotumia kwa ajili ya wananchi: madarasa, zahanati, barabara. Mezani katika mapatano hayo yumo Mkurugenzi. Basi aketipo kuamua nani awe diwani wa kata yenye mgodi, mkono mmoja umeshika kalamu ya uchaguzi na wa pili umeshika ufunguo wa kasha.

Inawezekana akawa mtu mwema, na wengi wao pengine ni watu wema. Lakini hapa ndipo tunapotaka tusikilizwe vyema.

Sisi tuliokaa chini ya mkeka chuoni tulifundishwa kuwa katika madhehebu yetu ya Shafi ushahidi wa baba kwa mwanawe haupokewi, wala wa mwana kwa babaye, wala wa mshirika kwa mshirika wake katika mali ya shirika lao. Kadhi hahukumu shauri lake mwenyewe wala la mwanawe. Je, mafakihi walisema kuwa kila baba ni mwongo? Hasha. Baba huyo aweza kuwa imamu wa msikiti. Walisema tu kuwa pale penye manufaa pana tuhuma, na tuhuma haiondoki kwa wema wa mtu. Huondoka kwa mtu kuondoka mahali pale. Anasimama kando, heshima yake ikiwa kamili, akaja mwingine. Nasi wenye maduka twalijua hili bila ya kitabu: bwana wa mizani ajaye kupiga muhuri mawe yetu, lau angekuwa na duka mtaa huu huu, nani angemwamini hata kama mawe yake ni sawa?

Watu wa Geita hawakuanza jana kulijua hili. Mwaka 1958, zama za Mwingereza, Serikali iliwaundia baraza la wilaya la kuchanganya mataifa, Waafrika, Wazungu na Wahindi, bila ya wenyewe kuliridhia. Na mnakumbuka mtemi wa zama hizo alikuwa nani: mkusanya kodi ni yeye, hakimu ni yeye, mtekelezaji wa amri za Bwana Shauri ni yeye. TANU ilikuwa imezuiwa kufungua matawi Usukuma tangu 1954. Watu walipoona hawana wa kumshitakia pale wilayani, kwani wa kushitakiwa na wa kusikiliza ni mmoja, walitoka kwa wingi wakaandamana hadi Mwanza, kulipeleka shauri lao makao makuu ya Jimbo. Baraza lile halikudumu. Na utawala wa watemi ukafutwa mwaka 1963. La kustaajabisha ni kuwa nchi iliyomwondolea mtemi mamlaka matatu kwa mkono mmoja ikaja ikampa Mkurugenzi.

Turudi kwenye zama zetu. Yuko kijana wa Bara, Bwana Bob Chacha Wangwe, ambaye watu wa visiwa hivi yapasa wamjue, kwani mwaka 2017 alitiwa hatiani kwa maneno aliyoyaandika juu ya mambo ya Zanzibar, hata Mahakama Kuu ikaja ikamwachia. Kijana huyu alikwenda Mahakama Kuu kukipinga kile kifungu cha 7, na wakili wake akiwa Bibi Fatma Karume, binti wa hapa hapa Unguja. Hawakwenda kumshitaki Mkurugenzi fulani kuwa kaiba kura. Walipeleka orodha ya Wakurugenzi waliokuwa wanachama wa CCM, na baadhi yao wamepata kuomba ubunge kwa tiketi ya chama hicho, wakaonyesha ibara ya 74 ya Katiba inayowakataza wahusika wa uchaguzi kujiunga na chama chochote. Tarehe 10 Mei 2019 majaji watatu wakawapa haki: kifungu kile kinapingana na Katiba.

Furaha haikufika miezi sita. Mwezi Oktoba mwaka ule ule Mahakama ya Rufani iliitengua hukumu, na moja katika hoja ilikuwa kwamba msimamizi hula kiapo na kutoa tamko la kujitoa katika chama, na hayo ni kinga ya kutosha.

Kwa adabu zote tulizo nazo kwa Mahakama, hapo hatukubali. Kiapo ni kitu kikubwa mbele ya Mwenyezi Mungu. Lakini kiapo humfunga mtu asiseme uwongo. Hakimwondolei mshahara wake, wala hakimbadilishi aliyemteua, wala hakimfanyi asahau kuwa keshokutwa atakaa baraza moja na aliowatangaza. Baba akila kiapo bado ni baba.

Mwezi uliofuata, tarehe 24 Novemba 2019, ukafanywa uchaguzi wa vijiji na mitaa Bara nzima, Shinyanga na Geita zikiwamo, chini ya TAMISEMI, na Wakurugenzi wale wale ndio wasimamizi. Wagombea wa upinzani walienguliwa kwa wingi hata vyama vikuu vya upinzani vikajitoa, na CCM ikatangazwa kupata zaidi ya tisini na tisa kwa mia.

Shauri likapelekwa Mahakama ya Afrika, Arusha. Walifika mlango ukiwa unafungwa, kwani Novemba 2019 Serikali ilikuwa imekwisha toa taarifa ya kuwaondolea raia ruhusa ya kwenda huko wenyewe, na taarifa hiyo ikapata nguvu baada ya mwaka mmoja. Tarehe 13 Juni 2023 Mahakama ile ikatamka kuwa sheria iliyowapa Wakurugenzi kazi hiyo imevunja haki ya wananchi kushiriki katika kuitawala nchi yao, ikaamuru irekebishwe. Mwaka 2024 ikaja sheria mpya, na Tume ikapewa jina jipya, Tume Huru. Wasimamizi sasa huteuliwa na Tume katika watumishi waandamizi wa umma. Jina la cheo limetoka. Mtumishi wa umma ni yule yule na aliyemwajiri ni yule yule. Uchaguzi wa mitaa wa Novemba 2024 ukabaki TAMISEMI, ingawa Bwana Wangwe na wenzake wawili walikwenda tena mahakamani kuupinga, wakashindwa. Ya tarehe 29 Oktoba 2025 yana majlisi yake, na machozi yake, hatutayaingiza hapa.

Sasa tuje nyumbani. Mwenyekiti wa Tume ya hapa, Bwana Jecha Salim Jecha, ndiye aliyeufuta uchaguzi wetu tarehe 28 Oktoba 2015, ukarejewa Machi 2016. Mwezi Juni 2020 bwana huyu alikwenda kuchukua fomu ya kuomba CCM imteue kuwania Urais wa Zanzibar. Amekwisha fariki, mwaka 2023, Mungu amrehemu, na maiti hasutwi. Hatusemi kuwa mwaka 2015 alikuwa na nia hiyo. Twasema kuwa hapana aliyemwuliza kwa maandishi, kabla ya kura, ana nini na nani. Sisi tulianza kupiga kelele baada ya kuumia. Na sheha je? Huteuliwa na Mkuu wa Mkoa, kisha ndiye humtambua nani ni mkaazi na nani si mkaazi lifikapo daftari. Kila mtu hapa ana kisa chake cha sheha. Ni nani mwenye barua aliyomwandikia?

Na mtuvumilie tuseme la mwisho, ingawa litawaudhi baadhi. Katika uchaguzi wa tawi letu hili uliopita, aliyehesabu kura alikuwa shemegi wa mgombea. Sote tulijua. Sisi tunaosema hapa tulikuwa tumeketi safu ya pili, tukanyamaza, kwa sababu aliyeshinda ndiye tuliyemtaka. Aliyeshindwa hakuja tena tawini, na kiti chake mwakiona. Tukienda kumwambia mkubwa wa Tume akae kando, naye akatuuliza ya kwetu, tutamjibu nini?

Kwa hivyo tumeandika karatasi mbili. Ya kwanza ni ya Tume: kwamba kila atakayeteuliwa kusimamia jimbo hili, kabla ya siku ya kupokea fomu, atangaze hadharani chama alichopata kuwamo, udugu wake na mgombea yeyote, na biashara yake na Serikali, na akiwa na mojawapo, apishe. Haina tusi hata moja, tumeisoma mara tatu. Ya pili ni ya tawi letu wenyewe, na masharti ni hayo hayo, neno kwa neno.

Zote mbili zitakuwa dukani kwetu kuanzia kesho baada ya alasiri hadi Ijumaa. Asiyependa kuonekana akitia sahihi aje kwa mlango wa uani. Na asiyejua kuandika kwa herufi za Kizungu aandike jina lake kwa Kiarabu, tutalisoma.