Sinema Iliyozaliwa Maputo



Tukitaja sinema, wengi wetu hukumbuka za Kihindi, za karate, au zile za Marekani. Wiki hii natupa jicho ng'ambo ya Mto Ruvuma.

Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni, 1975. Mwaka uliofuata tu serikali ya Rais Samora Machel ikaunda Taasisi ya Taifa ya Sinema mjini Maputo. Wareno wengi walikuwa wameondoka na ufundi wao, televisheni haikuwapo, na wananchi walio wengi hawakujua kusoma. Gazeti lingemfikia nani?

Taasisi ikatoa habari fupi za sinema zilizoitwa Kuxa Kanema, yaani kuzaliwa kwa sinema. Kuanzia 1981 zilitoka kila wiki, dakika kumi hivi, nyeusi na nyeupe. Magari yaliyotoka Urusi yalizipeleka vijijini, na mkulima akaona kwenye kitambaa watu wanaofanana naye wakilima na kuhutubiwa. Tuseme kweli: zilikuwa propaganda pia. Aibu za chama hukuzikuta humo.

Kwangu mimi, kazi kubwa kuliko zote ni filamu ya Mueda ya mwaka 1979. Mueda iko katika nchi ya Wamakonde, na kisa chenyewe kinatugusa. Tarehe 16 Juni, 1960, Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane, Wamakonde waliotokea huku Tanganyika, walikwenda kuzungumza na wakuu wa Kireno. Wakakamatwa, umati ukapiga kelele, askari wakafyatua risasi. FRELIMO ilisema waliokufa ni mamia. Wapo watafiti wanaotaja idadi ndogo zaidi. Baada ya uhuru wenyeji walikuwa wakiigiza siku ile mahali palepale ilipotokea. Ruy Guerra, mzaliwa wa Msumbiji aliyejipatia sifa Brazil, hakuleta nyota kutoka nje. Alipeleka kamera, akawapiga picha watu wa Mueda wakijiigiza wenyewe, wakiwacheka Wareno kwa madaha, na katikati akaweka maelezo ya walionusurika. Utacheka, kisha kicheko kikukwame kooni.

Vita na RENAMO vilifunga barabara, magari ya sinema yakakosa njia. Machel alifariki katika ajali ya ndege Oktoba 1986, na mwaka huohuo Kuxa Kanema ikakoma. Februari 1991 moto ukaunguza jengo la taasisi. Margarida Cardoso alipotengeneza filamu yake juu ya habari hiyo, iliyotoka mwaka 2003, mikanda iliyosalia ilikuwa bado imerundikana katika jengo lile bovu.

Mkanda wa filamu haungoji. Ukiwekwa penye joto na unyevu hugeuka, hutoa harufu ya siki, hujikunja, na picha huondoka. Nasi tulikuwa na Kampuni yetu ya Filamu Tanzania, iliyoundwa mwaka 1968. Kila mkanda wake uliobaki unastahili chumba chenye ubaridi na mtu mwenye daftari anayejua umo kopo gani. Hiyo si gharama ya kuitishia serikali.