Mama Anayenyonyesha na Mgao Uliopunguzwa

Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa wilayani Kasulu mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi waliovuka Ziwa Tanganyika kutoka mashariki mwa Kongo, na kuanzia mwaka 2015 iliwapokea pia Warundi kwa maelfu. Mzazi wa kambini anapolalamika kuwa maziwa hayamtoshi mtoto, wengi hulaumu njaa, na lawama hiyo haikosi msingi, kwa kuwa mgao wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani umepunguzwa zaidi ya mara moja, na mwaka 2023 ulishuka hadi nusu ya kiwango kamili. Hata hivyo, wataalamu wa lishe wanaeleza kwamba mama aliyekonda kiasi huendelea kutoa maziwa ya kutosha, ingawa mwili wake hujilipia kwa akiba yake mwenyewe na baadhi ya vitamini hupungua katika maziwa. Utapiamlo mkali ndio unaopunguza wingi wa maziwa.

Kinachoyaleta maziwa ni kunyonya. Mtoto anaponyonya, ubongo wa mama hutoa prolaktini, yaani homoni inayoliamuru titi kutengeneza maziwa, pamoja na oksitosini, homoni inayoyasukuma yatoke, ambayo huzuiliwa kwa muda na maumivu, hofu au msongo wa mawazo. Titi lisiponyonywa hubaki limejaa na kupunguza utengenezaji, na ndiyo maana uji mwepesi au maji ya sukari anayopewa mtoto wa wiki tatu kwa nia njema huzidisha upungufu uleule unaokusudiwa kuzibwa: mtoto hushiba, hunyonya kidogo, na maziwa huzidi kupungua.

Tiba ya kwanza, basi, ni kumweka mtoto titini mara 8 au zaidi kwa saa 24, usiku ukiwemo, na kuangalia anavyoshika. Mtoto aliyeshika vyema hufungua mdomo wazi, kidevu kikagusa titi, akachukua mdomoni sehemu kubwa ya weusi unaoizunguka chuchu. Akishika chuchu peke yake, chuchu hupasuka na mtoto hapati maziwa ya kutosha. Mtoto dhaifu asiyeweza kuvuta hukamuliwa maziwa kwa mkono uliooshwa, kidole gumba kikiwa juu ya titi na cha shahada chini yake, vikibonyeza kuelekea kifuani kisha vikikutana, na hunyweshwa kwa kikombe safi.

Kilio cha mtoto au ulaini wa matiti si ushahidi wa upungufu. Ushahidi ni mkojo, ambao baada ya wiki ya kwanza haupungui mara 6 kwa siku, na mstari wa uzito katika kadi ya kliniki. Mstari huo usipopanda, au ikiwa mama alivuja damu nyingi wakati wa kujifungua, jambo linaloweza kuchelewesha maziwa, zahanati ndiyo mahali pa kukimbilia, wala si duka la maziwa ya kopo, ambayo hudai maji salama na kuni za kuyachemshia, vitu ambavyo kambini hupatikana kwa shida.

Kunyonyesha mara 8 kwa siku hudai muda, na muda wa mama wa Nyarugusu huliwa na foleni ya mgao, ndoo ya maji na safari ya kuni. Mume, wifi na mama mkwe wamwondolee mzigo huo katika wiki za mwanzo, na wasimamizi wa mgao wampe mzazi nafasi ya mbele. Wafadhili nao wasijifiche nyuma ya ukweli kwamba maziwa hayakauki upesi, kwa sababu kila kilo inayokatwa kwenye mgao huchukuliwa katika damu na mifupa ya mama. Mgao kamili kwa anayenyonyesha ni haki yake, hata pale mtoto wake anapoonekana amenona.