Mali Bila Daftari

(Maneno yafuatayo yalisemwa na mwenzetu mmoja, wakili wa miaka mingi katika mambo ya matangazo na alama za biashara, usiku wa chakula cha pamoja cha Mkutano wetu wa Mwaka. Tumeyachapa kama alivyoyasema, ila tumeacha pale alipokatizwa na vicheko. — Mhariri)



Nilipopata barua ya Katibu ikinitaka niseme juu ya kazi yangu, nilidhani amekosea mtu. Mnaonikumbuka mnajua kwamba hesabu zilinishinda, na katika mpira kazi yangu ilikuwa kushika nguo za wachezaji. Jina nililoondoka nalo hapa ni Kibatari, kwa sababu nilikuwa nasoma chini ya blanketi baada ya taa kuzimwa. Nashukuru kwamba blanketi halikuungua.

Watu wakisikia neno wakili hufikiria kesi za mauaji na ugomvi wa mashamba. Mimi, katika miaka zaidi ya 40, sijamtetea muuaji hata mmoja. Wateja wangu ni sabuni, majani ya chai, mafuta ya nywele na biskuti. Mtu anataka kutoa tangazo, huniletea kwanza nilisome. Mwingine anataka kuwapa wanunuzi zawadi, huja kuuliza kama sheria inamruhusu. Wa tatu analia kwamba jirani ameiga chapa yake. Na jambo la kuchekesha ni kwamba sisi mawakili tumelelewa katika mwiko wa kutojitangaza. Kwa hiyo nimekula ugali wa matangazo maisha yangu yote, na mwenyewe sijawahi kutoa hata moja.

Nilipoapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, kazi hii ilikuwa ndogo sana. Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Sabuni ilipangiwa foleni, nani angeitangaza? Tulikuwa na Idhaa ya Biashara ya Redio Tanzania, na basi. Mambo yaligeuka biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ile. Mwaka 1986 Bunge likapitisha Sheria ya Alama za Biashara na Huduma, na kuanzia mwaka 1994 tukaanza kusikia redio na kuona televisheni za watu binafsi. Ghafla kila mtu alikuwa na kitu cha kuuza na mahali pa kukipigia kelele.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ni ya soko la kijiji, ambapo kila mtu anajua mama fulani ndiye mwenye maandazi mazuri. Katika soko la mji mkubwa hata kizuri hakina budi kutembea, na kikitembea lazima kiwe na jina, ili aliyekipenda jana akitambue kesho.

Wazee wa pwani walilijua jambo hili zamani. Mkirudi nyumbani fungueni masanduku ya mama zenu mtazame kanga. Kwenye nyingine mtaona maandishi madogo: K.H.E., Mali ya Abdulla. Hiyo ni alama ya duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa. Mama zetu wengi hawakumjua Abdulla ni nani, lakini walipokwenda kununua waliyatafuta maneno hayo, kwa sababu waliiamini kanga yake. Kazi ya alama ya biashara ni hiyo tu: kumwambia mnunuzi kitu hiki kimetoka kwa nani.

Jina likivuma kupita kiasi nalo lina hatari yake. Mtoto akitumwa Colgate, huja na dawa yoyote ya meno. Rangi yoyote ya viatu tunaiita Kiwi. Huko Marekani, mwaka 1921, mahakama iliamua kwamba kwa wanunuzi wa kawaida neno aspirin lilikuwa limekwisha kuwa jina la dawa yenyewe, na wenye alama hawakuweza tena kulizuia. Lakini ugonjwa huo ni wa matajiri. Wengi wetu tunakufa kwa ugonjwa mwingine, nao nitaueleza baadaye.

Niseme kwanza juu ya matangazo na zawadi, maana hapo ndipo wateja wangu hunichukia. Nikiletewa tangazo, huuliza swali moja: una ushahidi? Ukisema sabuni yako ni tamu kwa ngozi, hayo ni majisifu ya mfanyabiashara, hakuna atakayekushitaki. Ukisema inaponya ukurutu kwa siku tatu, umetoa habari, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. Nimewahi kufuta mstari mmoja katika tangazo la redio, mteja akaniambia nimeua wimbo wake. Nikamjibu, afadhali nife na lawama ya wimbo kuliko wewe ufe na faini.

Kuhusu zawadi, kila aliyesoma sheria anaijua kesi ya Bibi Carlill. Huko London, kampuni moja iliuza mpira wa dawa ya kuvuta puani, ikatangaza gazetini kwamba atakayeutumia mara tatu kwa siku kwa wiki mbili kama ilivyoelekezwa, kisha akapata homa ya mafua makali, atalipwa pauni 100. Tena ikasema imeweka pauni 1,000 benki kuonyesha kwamba haifanyi mchezo. Bibi Carlill alinunua, akatumia, akaugua, akadai. Kampuni ikasema ati lile lilikuwa tangazo tu. Mahakama ya Rufani, mwaka 1892, ikasema ahadi ni ahadi, lipeni. Miaka mia moja baadaye, mwaka 1992, kampuni ya Pepsi huko Ufilipino ilitangaza namba 349 kuwa ndiyo namba ya mshindi wa peso milioni moja. Kumbe namba hiyo ilikuwa imechapwa kwenye vifuniko vipatavyo 800,000. Watu walifanya ghasia, magari yakachomwa, na wengine wakapoteza maisha. Mahakama ya Juu ya nchi ile mwishowe iliipa kampuni haki, lakini ilikuwa mwaka 2006. Kushinda baada ya miaka 14 sijui tukuite kushinda gani.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayetaka kuchezesha bahati nasibu ili chai yako inunuliwe, nenda kwanza Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ukaombe kibali. Kisha andika masharti kwa lugha ambayo mpishi wako anaielewa. Na vifuniko vihesabiwe mara mbili.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta. Ndugu Mwenyekiti, ninayotaka kusimulia ni kosa langu, na aliyeumia yumo humu ukumbini. Nimemwomba ruhusa naye amenipa, kwa sharti kwamba nisimtaje jina.

Mwenzetu huyu tulilala naye bweni moja. Baada ya kazi ya serikali alianza kutengeneza pilipili ya chupa nyumbani kwake, yeye na mkewe. Pilipili ilikuwa nzuri. Mabasi yaliposimama mjini kwao abiria walishuka kuinunua, wakaipeleka kwa ndugu zao hadi Dar es Salaam. Akaipa jina la mto wa kwao. Miaka michache baadaye akaja ofisini kwangu na chupa mbili, moja zawadi, moja ya kazi. Akaniuliza: “Kibatari, jina hili ni langu?” Nikatazama makaratasi yake. Alikuwa na cheti cha jina la biashara, kizuri, chenye muhuri. Siku hiyo nilikuwa na kesi ya kampuni kubwa, na mlangoni watu walikuwa wakingoja. Nikamwambia: “Cheti unacho. Mambo ya alama tutayafanya biashara ikikua.”

Ndugu zangu, hapo ndipo penye ugonjwa niliosema. Cheti cha jina la biashara kinaonyesha kwamba mtu fulani anafanya biashara kwa jina fulani. Cheti cha kampuni kinaonyesha kwamba kampuni imezaliwa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokupa haki ya peke yako juu ya jina lililo kwenye chupa. Haki hiyo hupatikana kwa kuandikisha alama ya biashara, kwa daraja la bidhaa unazouza. Madaraja yako 45, bidhaa 34 na huduma 11. Mimi nilijua hayo yote. Sikuyasema kwa kuwa nilikuwa na haraka.

Biashara ikakua kweli. Na ilipokua, mfanyabiashara mwingine mwenye mtaji mkubwa akaomba kuandikisha jina lile lile kwa vikolezo vya chakula. Sheria ina huruma: Msajili akikubali ombi hulitangaza katika gazeti lake, na kuanzia siku hiyo mtu yeyote ana siku 60 za kupinga. Lakini nani katika ninyi analisoma gazeti hilo? Mwuza pilipili halisomi. Anayelisoma ni wakili wake, na wakili wake nilikuwa mimi, na mimi sikuwa nimemfungulia hata jalada. Siku 60 zikapita. Akapokea barua ya kumtaka aache kutumia jina la mto wa kwao.

Tulipigana. Sheria haimwachi kabisa aliyetangulia kulitumia jina. Anaweza kuomba alama ifutwe, anaweza kudai kwamba mwingine anauza mali kwa sifa zake. Lakini lazima athibitishe. Nikamwomba risiti za miaka ya kwanza, vibandiko vya zamani, hesabu za mauzo. Akaniletea daftari moja lililoliwa na mchwa. Abiria wa mabasi hawakuwa wamedai risiti. Kesi ikaburutwa, fedha zikaisha, mwisho tukapatana: apewe miezi sita amalize chupa zake, kisha abadili jina. Alibadili. Pilipili ilikuwa ile ile, mikono ile ile, lakini wateja waliuliza ile ya zamani iko wapi. Alikuwa ameajiri vijana tisa, wakabaki watatu.

Siku ya kutia sahihi hakunigombeza. Alisema: “Sheria sikuisoma mimi. Nilikutegemea wewe.” Tangu siku hiyo aliacha kuniita Kibatari, akawa ananiita Bwana Wakili. Mnaweza kuona ni heshima. Mimi najua haikuwa heshima.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nilikuwa nikidhani wanasema juu ya madeni ya dukani.

Ndugu zangu, naona humu wengi wamestaafu na kufungua biashara. Wako wenye asali, wenye shule za chekechea, wenye maji ya chupa, na wengine watoto wao wana bendi. Nawaombeni mambo manne. La kwanza, kabla hujalitangaza jina, tafuta kama lina mwenyewe. Ofisi ya Msajili siku hizi imo ndani ya BRELA, na ombi linapelekwa kwa mtandao. La pili, chagua jina lisiloeleza tu bidhaa yenyewe. Ukiita asali yako Asali Tamu, umechagua maneno ambayo kila mrina asali anayahitaji. La tatu, kumbuka kwamba alama iliyoandikishwa Bara haivuki bahari. Zanzibar ina sheria yake na ofisi yake, na Kenya vivyo hivyo. Na Bara kwenyewe ulinzi wa kwanza ni miaka 7, kisha unahuishwa kila miaka 10. Andika tarehe hiyo ukutani. La nne, tunza risiti, vibandiko na matangazo ya tangu siku ya kwanza. Weka mbali na mchwa.

Wala msidhani kwamba kupinga hakufai. Kati ya mwaka 2006 na 2008 kampuni moja ya Uingereza ilitaka kuandikisha huko kwao neno KIKOY kuwa alama yake. Wakenya waliosikia walipiga kelele, wakapata watu wa kuwasaidia kupinga, na ombi likaachwa. Kikoi kilibaki kikoi kwa sababu mtu alisoma gazeti kwa wakati.

Namaliza. Fedha alizopoteza mwenzetu siwezi kuzirudisha, na alipokataa nimlipe sikumlazimisha. Badala yake tumekubaliana jambo moja. Kesho asubuhi, kabla ya mechi ya wazee na wanafunzi, nitakaa katika darasa letu la Kidato cha Pili. Kila mwenye biashara, yeye au mwanawe, alete kibandiko chake na makaratasi aliyo nayo. Nitayasoma yote bila malipo, wala sitakuwa na haraka. Yeye mwenyewe atakaa mlangoni kuwapanga foleni, na ameniahidi kwamba nikimwambia mtu “baadaye”, ataingia kunitoa nje.

Ndugu Katibu, na wewe njoo na nembo ya chama chetu. Leo nimeiona kwenye fulana zinazouzwa getini, na muuzaji hakuweza kuniambia nani amempa ruhusa.